Risasi Kwanza, Bastola Baadaye

Anoka ni mji mdogo kaskazini ya Minneapolis, pale Mto Rum unapoingia Mississippi. Ndiko kiliko kiwanda cha Federal, kilichoanza kutengeneza risasi mwaka 1922, na pande hizo si ajabu kumkuta kwenye foleni ya duka mtu ambaye yeye mwenyewe, au shangazi yake, amewahi kufanya kazi pale. Mimi ni mtoto wa Tanga. Nilikuja Minnesota kwa kazi ya kutunza wazee, na habari za bastola nilizipata kwa watu wa aina hiyo, ambao kila mmoja alinitia risasi kiganjani kabla hajanionyesha bastola yoyote. Nimeushika mtindo wao. Mtu akiniuliza anunue bastola gani ya kulengea shabaha siku za mapumziko, iliyo nafuu na isiyosumbua, humwuliza kwanza anakusudia kufyatua risasi gani, ngapi kwa mwezi, na fedha ya kuzinunua itatoka wapi.

Nazungumzia bastola ndogo za risasi ya kipimo cha .22. Kazi yake ni kutoboa karatasi na kuangusha vibati vya chuma. Ulinzi na uaskari una silaha zake. Wapo wauzaji wanaoziuza kana kwamba ni darasa la chekechea, mtu apite haraka aende kwenye za wakubwa. Sikubaliani nao hata kidogo. Mashindano ya bastola ya mita 25 katika Olimpiki hufanywa kwa risasi hii hii ya .22, na uwanjani kwetu nimewaona wazee waliokwisha kufyatua kila aina ya silaha wakairudia hii na kubaki nayo.

Nyumbani, bunduki nilizijua kwa mbali: begani kwa askari, mapajani kwa mlinzi wa benki aliyesinzia, mikononi mwa mgambo siku ya gwaride. Mtaani kwetu Ngamiani hakuna aliyewahi kuniambia anakwenda kufyatua risasi ili apumzishe akili. Ndiyo maana mwenzangu wa zamu ya usiku aliponialika uwanja wa shabaha nilikwenda kwa kumheshimu tu. Aliyetupokea ni mzee mmoja mstaafu wa reli, mwalimu wa kujitolea, mtu wa maneno machache. Alinipa vifunika masikio na miwani ya kinga, akaniambia mambo manne niyarudie kwa sauti: kila bunduki ichukuliwe kuwa ina risasi, mtutu usielekezwe kamwe kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka vilengeo viwe juu ya shabaha, na ujue shabaha yako pamoja na kilicho nyuma yake. Niliyarudia. Akataka niyarudie tena, na tena, mpaka yalipotoka bila kufikiri.

Kisha akanisimamisha yadi saba kutoka kwenye karatasi na kunipa bastola nzito yenye mtutu mnene. Alichonifundisha siku ile ndicho ninachokifanyia mazoezi hadi leo. Jicho la binadamu haliwezi kuona vizuri vitu vitatu vilivyo umbali tofauti kwa wakati mmoja: kilengeo cha nyuma, kilengeo cha mbele na shabaha. Lazima uchague, na unachochagua ni kilengeo cha mbele. Ukikitazama hicho mpaka uone kingo zake zimekatika kama wembe, shabaha huko mbele inakuwa doa la kijivu, na kila hisia mwilini inakwambia urudishe jicho kwenye shabaha. Usirudishe. Kidole kikandamize kifyatulio polepole, bila haraka ya kumaliza, mpaka mlio ukushtue wewe mwenyewe. Nilifanya hivyo. Bastola haikuruka, ilitikisika tu kidogo, na kwa mara ya kwanza niliona tundu likitokea kwenye karatasi huku vilengeo vikiwa bado mbele ya macho yangu. Niliporudi nyumbani asubuhi ile nililala usingizi ambao zamu za usiku zilikuwa zimeninyima kwa muda mrefu.

Baadaye nilijaribu bastola ya 9mm, yenye risasi kubwa zaidi, nikaelewa kwa nini mzee hakuanzia huko. Mlio mkubwa na teke la kiganjani hufundisha mwili kujikunja kabla ya risasi kutoka. Mtutu unainama, tundu linaanguka chini, na kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Tabia hiyo ikishaingia, kuitoa ni kazi ya miezi. Kwa .22 mwili hauna cha kuogopa, kwa hiyo unabaki na jambo moja tu la kushughulikia, nalo ni kidole.

Na kuna hesabu. Nilipoanza kujinunulia, risasi ya .22 ya bei ya chini ilikuwa kama senti 8, ya 9mm kama senti 25. Chukua mtu anayefyatua risasi 200 mara mbili kwa mwezi. Kwa mwaka ni risasi 4,800: dola 384 kwa upande mmoja, dola 1,200 kwa upande mwingine. Bastola nzuri ya .22 ya shabaha hupatikana kwa dola mia nne na ushee, maana yake ndani ya mwaka mmoja risasi zinakuwa zimekula fedha karibu sawa na bastola yenyewe, na bastola hiyo itaishi miaka thelathini. Anayehangaika kuokoa dola 80 kwenye bastola halafu akanunua inayotaka risasi za bei ya juu ili ifanye kazi, amezitupa dola hizo mapema sana. Bei zenyewe hupanda na kushuka. Mwaka 2020 niliziona rafu tupu kabisa, na maduka yakiweka kikomo cha boksi kwa kila mteja; waliokuwa na akiba ndogo kabatini waliendelea na mazoezi yao kama kawaida. Tangu hapo nanunua kidogo zaidi ya ninachotumia kila bei inaposhuka.

Ila urahisi wa risasi hii una gharama yake, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na bastola nzuri bila sababu.

Risasi ya .22 ni ya kale. Mwaka 1857 Smith & Wesson walitoa rivolva yao ya kwanza pamoja na risasi fupi ya .22, na mwaka 1887 kampuni ya Stevens ya Massachusetts ikatoa ile ndefu zaidi iitwayo Long Rifle, tunayoitumia hadi sasa. Fataki yake haikai katikati ya kitako kama ilivyo kwa risasi kubwa. Hutiwa ndani ya ganda ikiwa tope, kisha ganda likazungushwa kwa kasi ili tope lile lisambae na kujaa ndani ya ukingo wa kitako mzunguko mzima. Pini ya bastola huupiga ukingo, ukingo hubonyea, fataki hulipuka na kuwasha baruti. Ili ubonyee, ganda lazima liwe jembamba, na kwa kuwa ukingo ukishabonyezwa umeharibika, ganda la .22 halijazwi upya. Sasa fikiria tope lile halikufika vizuri sehemu moja ya ukingo, na pini ikapiga hapo hapo. Risasi inagoma. Bastola haina kosa, mfyatuaji hana kosa. Ukiigeuza risasi ile nusu mzunguko na kuirudisha chemba, mara nyingi inalia.

Ikigoma, usiharakishe kufungua. Weka mtutu kwenye mwelekeo wa shabaha, hesabu sekunde thelathini, kisha ndipo uitoe, maana fataki inaweza kuchelewa kuwaka. Na ukisikia mlio dhaifu usio wa kawaida, simama kabisa, toa magazini, uchungulie mtutu kutokea nyuma, chemba ikiwa tupu. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimebaki ndani, na kingine kikikifuata mtutu unaharibika, pengine na mkono.

Ukingo huo huo una usumbufu wa pili. Unatokeza nje ya ganda, kwa hiyo risasi zikipangwa vibaya kwenye magazini, ukingo wa juu unaweza kukaa nyuma ya ukingo wa chini yake na zikashikana. Ninapojaza magazini natazama kila risasi ilalie mbele ya iliyotangulia, nami hujaza kwa utulivu. Magazini za bastola nyingi za shabaha zina kitufe cha pembeni unachokivuta chini kwa dole gumba. Baada ya kujaza kadhaa dole linauma, na kuna kifaa kidogo cha plastiki cha dola chache kinachoondoa tabu hiyo. Kinunue siku ile ile.

Usumbufu wa tatu ni uchafu. Kichwa cha risasi ya .22 mara nyingi ni risasi tupu, yaani yale madini laini, kimepakwa nta au mafuta, au kikafunikwa na utando mwembamba sana wa shaba. Nta, masizi na chembe za baruti hukusanyika kwenye chemba na chini ya kindoano kinachovuta ganda. Na wa nne ni nguvu. Bastola hizi hujiendesha kwa ganda kusukumwa nyuma na kuirudisha bolti dhidi ya springi yake, basi risasi dhaifu haiirudishi mpaka mwisho na ganda linabanwa mlangoni. CCI wa Lewiston, Idaho, wana mbili zinazoonyesha tofauti hiyo: Standard Velocity hutoka kwa futi 1,070 kwa sekunde, Mini-Mag kwa futi 1,235. Ya kwanza ni tulivu na kwangu hupiga kwa usahihi zaidi; ya pili ndiyo ninayompa mwenye bastola mpya ambayo springi zake bado ni ngumu.

Ukijua hayo manne utaona kwamba kusema bastola fulani ya .22 ni ya kuaminika ni kusema nusu ya habari. Inaaminika na risasi zipi, magazini ipi, baada ya kusafishwa lini? Mama yangu alijua mkaa upi unawaka vizuri kwenye jiko lipi, na hakulilaumu jiko kabla ya kubadili mkaa. Ndivyo ninavyofanya. Bastola mpya inapofika nanunua boksi moja moja la aina nne au tano, nafyatua hamsini za kila aina, naandika kwenye daftari ngapi ziligoma, ngapi zilikwama, na matundu yalikusanyika kiasi gani kwa yadi 15. Jibu hutofautiana hata kati ya bastola mbili zilizotoka kiwanda kimoja. Mwenzangu wa zamu ana bastola ya muundo ule ule wa yangu, na aina niipendayo mimi yake inaikataa kila magazini. Aina ikishathibitika naichukua kwa wingi.

Sasa bastola zenyewe. Ukitaka kuelewa unafuu wenye akili, anzia 1949, Southport, Connecticut, ambako William Ruger na Alexander Sturm walifungua kampuni kwa dola 50,000 zilizotolewa na Sturm. Bastola yao ya kwanza ya .22 iliuzwa dola 37.50. Wakati ule iliyokuwa ikisifiwa ni Colt Woodsman, iliyobuniwa na John Browning na kuuzwa tangu 1915, nzuri mno, lakini iliyochongwa kutoka kwenye mapande ya chuma kwa kazi nyingi ya mashine. Ruger alitengeneza mpini kwa vipande viwili vya bati la chuma vilivyokandamizwa na mashine kisha vikachomelewa pamoja. Mtutu na chemba hakuvigusa kwa ubahili. Alipunguza gharama mahali ambapo risasi haipiti. Woodsman iliacha kutengenezwa 1977. Ukoo wa ile ya Ruger unaendelea hadi leo, ukiitwa Mark IV.

Hicho ndicho kipimo ninachokitumia dukani. Natafuta fedha imepunguzwa wapi. Mpini wa plastiki hauniudhi. Hauna uhusiano na tundu kwenye karatasi, na unapunguza uzito. Lakini baadhi ya bastola za bei ya chini zina sehemu ya juu iliyomiminwa kwa aloi ya zinki, vilengeo vya plastiki visivyorekebishika, na kifyatulio kinachotaka kuvutwa kwa nguvu ya vidole viwili. Hapo fedha imepunguzwa kwenye jambo lenyewe.

Jambo jingine ninalolitazama ni kama vilengeo vinatembea. Kwenye Mark IV, kwenye Smith & Wesson SW22 Victory iliyotoka 2016, na kwenye Browning Buck Mark ya 1985, vilengeo vimetulia pale pale huku bolti ikienda na kurudi. Kwenye bastola zenye umbo la zile za askari, kilengeo cha nyuma kimekaa juu ya sehemu inayorudi nyuma kila mlio. Kwa mwanzo hutaona tofauti; ukianza kufyatua yadi 25 utaiona. Hata hivyo siidharau Taurus TX22 ya 2019. Ni nyepesi, magazini yake inabeba risasi 16, bei yake iko chini ya zile tatu, na kwa anayependa kuangusha vibati kwa haraka inafaa sana. Anayetaka utulivu wa karatasi namwelekeza kwenye zile tatu.

Halafu kuna kufungua na kusafisha, jambo ambalo muuzaji halitaji. Zile Ruger za zamani, tangu ya kwanza hadi Mark III, ni imara ajabu, ila kuzirudisha baada ya kuzifungua ni mtihani: kuna kijiti kinachoning'inia kwenye nyundo ambacho lazima kiangukie mahali pake hasa, bastola ikiwa imeinamishwa hivi na vile, vinginevyo haifungi. Nimewaona watu wazima wakiibeba kwenye mfuko kumpelekea fundi. Mark IV ya 2016 ilimaliza tabu hiyo kwa kitufe kimoja cha nyuma. Ukikibonyeza, mtutu unainuka na kuachana na mpini. Buck Mark na Victory hufunguliwa kwa skrubu na ufunguo mdogo wa pembe sita. Bastola inayofunguka kwa urahisi husafishwa, na ya .22 iliyosafishwa hukwama mara chache. Kwangu hiyo ni sehemu ya kuaminika kwake.

Mimi nilichagua Mark IV 22/45, yenye mpini wa plastiki na mtutu mnene, uzito wake chini kidogo ya kilo moja. Ndugu yake wa chuma kitupu ana karibu kilo moja na robo, na ni kweli anatulia zaidi mkononi, lakini mikono iliyokesha ikiwageuza wagonjwa vitandani inachoka naye mapema, na mkono uliochoka hautulii. Viganja vyangu ni vidogo. Nilipima kwa njia aliyonionyesha mzee: shika mpini kwa nguvu ya kusalimiana, mtutu ukiwa mstari mmoja na mfupa wa mkono, kisha uone nyama ya ncha ya kidole inafika katikati ya kifyatulio bila kugeuza mshiko. Kwenye Buck Mark ilifika. Kwenye 22/45 ilifika vizuri zaidi. Kwenye mbili nyingine haikufika, na sikuzifikiria tena japokuwa moja ilikuwa imepunguzwa bei. Zote nilizifyatua kwa kukodi uwanjani kabla ya kulipa. Viwanja vingi vya ndani huku Marekani hukodisha, na dola chache za kukodi ni ushauri wa bei rahisi kuliko wote.

Kabla ya duka kuna sheria, na hapa nawasemesha hasa wenzangu waliotoka Afrika Mashariki. Kununua bastola kwa muuzaji mwenye leseni lazima uwe umefika miaka 21 na ujaze fomu 4473, kisha jina lako lipitishwe kwenye mfumo wa ukaguzi ulioanza 1998. Minnesota kwa kawaida inataka pia kibali cha kununulia, kinachotolewa bila malipo na polisi wa mji au sherifu wa kaunti, nacho hudumu mwaka mmoja. Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Aliyeko kwa viza ya muda, awe mwanafunzi au mgeni aliyekuja kutembea, sheria ya shirikisho humkataza kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa kwa masharti machache kama leseni ya uwindaji, na katazo hilo linahusu hata ile ya kukodi uwanjani. Asiye na kibali cha kuishi nchini amekatazwa kabisa. Tafadhali msipelekane uwanjani kwa kudhani ni mchezo tu. Kosa la namna hiyo linaweza kumwondoa mtu nchini. Kila jimbo lina nyongeza zake, kwa hiyo uliza kaunti yako kwanza.

Nilipotaka kuileta nyumbani, aliyesimama mlangoni ni wifi yangu. Ni mtu wa Mombasa, muuguzi, na wakati ule tuliishi nyumba moja na watoto wake wawili.

"Wifi, nakuheshimu," aliniambia, "lakini kitu hicho hakilali hapa nilipolaza watoto."

"Basi niambie, wifi, ungekitaka kilale vipi?"

Alifikiri, akasema: "Nikione kimefungwa. Na ufunguo nisiuone."

Alikuwa na haki, nami nilifanya hivyo kabla ya kuileta. Nilinunua sanduku la chuma la namba za siri, nikalifunga kwa boliti kwenye ubao wa ndani wa kabati. Risasi zinakaa chumba kingine, kwenye sanduku jingine lenye kufuli. Minnesota mtu mzima anayeacha bunduki yenye risasi mahali mtoto anaweza kuifikia ana kesi ya jinai, lakini hata pasingekuwa na sheria hiyo ningefanya vile vile. Kwenye boksi nyingi za .22 kumeandikwa onyo kwamba risasi hii inaweza kusafiri maili moja na nusu, karibu kilomita mbili na nusu. Wanaoiita ya kitoto hawajasoma boksi. Sanduku, vifunika masikio, miwani, mafuta na brashi viliongeza zaidi ya dola mia kwenye bei ya bastola, na fedha hiyo naihesabu kuwa sehemu ya bastola. Masikio usiyafanyie mzaha: mlio wa bastola ya .22 hupita desibeli 140, na ndani ya jengo ni vibaya zaidi. Nikirudi kutoka uwanjani nanawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi, nguo zinaingia mashineni, kisha ndipo watoto wananikumbatia, kwa sababu vumbi la madini ya risasi ni sumu na watoto ndio huumia zaidi.

Wifi alilitazama sanduku kila siku kwa muda, hasemi kitu. Kisha akaanza kuniuliza kuhusu karatasi zangu za shabaha. Kisha akaja uwanjani. Mzee wa reli alimpa mambo manne ayarudie, akayarudia kwa sauti ya muuguzi anayesoma dawa, na kwa yadi saba matundu yake yalikusanyika kuliko yangu ya mwanzo. Akapata kibali chake, na akataka ya kwake, iliyotumika, maana alikuwa akiwalipia watoto karo.

Bastola ya .22 iliyotumika ni biashara nzuri ukijua pa kutazama, na tulikwenda pamoja. Kabla ya yote tuliomba magazini itolewe na chemba ionyeshwe tupu. Ya kwanza ilikuwa inang'aa, mpini hauna mkwaruzo, bei ya kuvutia. Tuliuliza kama tunaweza kuifungua. Muuzaji aliifungua mwenyewe. Nikamulika tochi ndogo kwenye mdomo wa chemba. Mahali pini inapopiga, ukingo wa chemba ulikuwa na kovu la kuingia ndani, upana wa pini hasa. Mtu alikuwa ameifyatua tupu mara nyingi. Bastola nyingine, Mark IV ikiwemo, zina kizuizi kinachoikinga pini isigonge chuma. Nyingine hazina, na kila ukifyatua tupu pini inachonga chemba. Kovu hilo husukuma chuma ndani, ganda linakwaruzwa likiingia na kung'ang'ania likitoka. Fundi ana kifaa cha kunyoosha, lakini sikuona sababu ya kununua deni la mtu. Wapenda mazoezi ya kufyatua tupu nyumbani hutia kwenye chemba kigingi cha plastiki cha njano, kile cha kuwekea skrubu ukutani, namba 4 hadi 6. Kinaingia vizuri na kinaipokea pini badala ya chuma. Kwanza hakikisha, kwa macho na kwa kidole, kwamba hakuna risasi ndani ya bastola wala ndani ya chumba.

Ya pili ilikuwa Buck Mark iliyopauka, rangi imekwisha kwenye kona kwa kuingizwa na kutolewa kwenye mkoba. Chemba safi, haina kovu. Kindoano kina ncha kali. Mtutu ulipomulikwa ulikuwa na masizi na mistari yake yote iliyojizungusha ikionekana wazi. Magazini mbili, midomo yake haijapinda. Wifi akaishika kwa nguvu ya kusalimiana, akaelekeza mtutu kwenye ukuta wa mchanga wa dukani, akatazama kidole chake kinapofika.

"Hii, wifi," akasema. "Na ninunue risasi gani?"

Tukachukua boksi nne za aina nne, na daftari jipya.